Kamati ya Kumtafutia Waziri Mahali pa Kulala

Usijifanye hukuwepo. Ijumaa ile, saa nne asubuhi, ulipita pale ukiwa na mkate kwapani. Ukakiona kitanda cha samadari kimesimamishwa katikati ya kichochoro, sufuria la hitima limepinduliwa mtaroni, na mwanamke amekaa juu ya kinu kama mtu anayesubiri kuitwa. Ukafungua gazeti. Ukautia uso humo mpaka ukapinda kona, na gazeti lenyewe ulikuwa umelishika miguu juu. Wenye macho walikuona. Imepita miaka ishirini na miwili na hakuna aliyekuuliza. Leo utasikiliza.

Mwanamke yule wa juu ya kinu ni Bi Mwanamvua binti Sudi, na nchi yenyewe ni Jamhuri ya Nyamazeni, ambako kila kitu kinakwenda vizuri. Hayo si maoni ya mtu, ni kifungu cha kwanza cha katiba. Kifungu cha pili kinasema anayetaka uthibitisho arejee kifungu cha kwanza.

Katika nchi hiyo upo mji mkongwe unaoitwa Mwanakale, wenye milango ya nakshi na vichochoro vyembamba hivi kwamba ukipishana na adui yako ni lazima msameheane au mmoja arudi nyuma. Bi Mwanamvua alizaliwa humo, katika nyumba ya ghorofa mbili ambayo mama yake alizaliwa humo, na mama wa mama yake pia. Nyuma ya nyumba palikuwa na ua, na ndani ya ua makaburi matano ya ukoo. La tano lilikuwa bichi. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa na siku kumi na moja tu tangu azikwe, na jiwe lake lilichongwa siku ya saba.

Siku ya kumi na moja ndiyo Ijumaa yako ile ya gazeti. Alikuja Mkuu wa Wilaya, Bwana Lubango Tindwa, akapanda juu ya kiti cha marehemu akiwa na kipaza sauti, akasoma tangazo: nyumba hii ni ya juzijuzi, ni mbovu, haina mwenyewe, na itaanguka wakati wowote. Wakaaji waondoke kwa usalama wao. Matengenezo ni ya siku arobaini.

"Bwana mkubwa," Bi Mwanamvua akamwambia, "mama yangu hajafikisha arobaini. Tuache tumsomee kwanza, tutatoka wenyewe."

Tindwa akamwinamia kutoka kitini, mpole kama daktari wa meno. "Bibi, hesabu ni ileile. Arobaini yako ikifika na yetu imefika. Utarudi, utamsomea mama yako ndani ya nyumba imara."

Nyumba haikuanguka. Mpaka leo haijaanguka. Ilipakwa chokaa, ikatiwa mashine za baridi, ikaandikwa juu ya mlango kwa herufi za shaba: LULU YA MABABU, HOTELI YA NYOTA TANO. Mababu wa nani, herufi hazikusema. Ua ukawekewa vigae vyeupe vya wageni kuotea jua. Bi Mwanamvua akahamia ng'ambo, Mtaa wa Mabati, akawa anakaanga kachori kwenye kona inayotazama geti la hoteli. Kila Idi alivaa buibui safi, akaenda getini kuomba aingie kumsomea mama yake, na kila Idi askari alimwambia wanaoingia ni wateja tu. Ukimuuliza umri wa msiba wake angekwambia siku kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuihesabu. Alikuwa anaisubiri mahali pake.

Tindwa naye akapanda. Mtu mwenye kipaji cha kuona nyumba mbovu hawezi kuachwa wilayani. Akawa Waziri wa Mapumziko na Heshima za Kale, akapumzika kwa niaba ya taifa miaka tisa mfululizo, mpaka mapumziko yakamchosha. Madaktari wakashauri apumzishwe mapumziko: siku mbili katika mji wa kihistoria, hoteli ya kifahari, hewa ya zamani. Ikaundwa kamati ya watu kumi na wanne kumchagulia hoteli. Mwenyekiti wa kamati alikuwa katibu wake, Ndugu Kidundo, kijana wa makamo mwenye shahada tatu na kalamu nne mfukoni, ya nne ikiwa haiandiki ila inapendeza.

Waraka wa kamati ulikuwa na masharti thelathini na moja. Hoteli iwe ya kale, lakini maji yake yawe ya leo. Kitanda kiwe na mito saba, mmoja wa kutupa chini. Dirisha litazame historia, lisitazame wananchi. Ngazi ziwe zimekanyagwa na watu mashuhuri, na zisiwe nyingi.

Habari za kamati zilimfikia Bi Mwanamvua zikiwa motomoto, kwa sababu jirani yake Bi Saumu alikuwa mfua mashuka wa hoteli tatu za mji ule, na shuka, kama unavyojua, halina siri.

"Leo wamelala Minara Saba," Saumu akasema, anajipimia kachori mwenyewe bila kuomba. "Si unaijua, pale palipokuwa skuli?"

"Nimesoma pale."

"Basi wamelala kumi na wanne, wameamka kumi na wanne hawana raha. Kila aliyefumba jicho kaota kaitwa ubaoni. Yule Kidundo kaulizwa saba mara nane."

"Akasema?"

"Akasema suala hilo litaundiwa kamati ndogo. Asubuhi shuka lake bichi, shoga, nami ndiye niliyelikamua."

Minara Saba ikakataliwa. Kwenye taarifa wakaandika kwamba hoteli ina historia iliyozidi kiwango. Kesho yake wakaenda Hoteli ya Mkunga, ambayo mpaka juzi ilikuwa zahanati ya wazazi. Humo hawakuota kitu, maana hawakufika vyumbani. Kila aliyeingia mlangoni alijikuta amekaa kwenye benchi la ukumbini, ameshika kadi mkononi, anangoja. Hakuna aliyewakalisha. Jengo lenyewe lilikuwa limezoea. Wakangoja kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi alasiri, mjumbe mmoja akaanza kusikia uchungu wa tumbo, na alipoita muuguzi akajibiwa na ukuta kwamba dawa hamna, akanunue nje.

"Na mlipowatoa?" Bi Mwanamvua akauliza.

"Wametoka wanalia. Wajumbe wanawake wawili wamesema wao walijifungulia pale na huduma ilikuwa hivyohivyo." Saumu akafuta mikono kwa kanga. "Imebaki moja, Mwanamvua. Nafikiri unajua ni ipi."

Bi Mwanamvua alikuwa anageuza kachori. Hakuinua uso. Ila Saumu aliona kijiko kimesimama.

Lulu ya Mababu ilitimiza masharti thelathini bila jasho. Tena mwenye hoteli alikuwa shemeji yake Waziri, kwa hiyo hata ndoto za pale zilikuwa zimeshakaguliwa. Sharti la thelathini na moja ndilo lililokwamisha: hoteli iwe na Hati ya Ukale. Na hati hiyo, kwa sheria aliyoitunga Tindwa mwenyewe siku aliyokuwa na homa ya uzalendo, haitolewi mpaka nyaraka zithibitishe umri wa nyumba. Kamati ikazitafuta nyaraka. Chumba cha nyaraka cha Mwanakale kilikuwa kimegeuzwa baa, na nyaraka zilikuwa zimechomewa mishikaki. Karatasi moja tu ya nyumba ile ilibaki, ile ya tangazo la Ijumaa: nyumba ni ya juzijuzi, haina mwenyewe. Sahihi, L. Tindwa.

Kamati ikakaa kikao cha siku nzima. Ikagundulika sheria ina kipengele kidogo chini kabisa: nyaraka zikikosekana, atafutwe aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo, atoe ushahidi.

Ndivyo Ndugu Kidundo alivyovuka barabara kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kachori ngapi?"

"Sikuja kwa kachori, mama yangu. Nimetumwa na taifa."

"Taifa halijambo?"

"Halijambo, linakusalimu." Akatafuta pa kukaa, akaonyeshwa kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi, akakikalia kwa tahadhari ya mtu aliyesomeshwa ng'ambo. "Mama, tunahitaji useme kwamba ile nyumba ni ya kale."

"Lakini niliambiwa ni ya juzi. Niliambiwa kwa kipaza sauti."

"Wakati ule ilikuwa ya juzi. Sasa imekomaa."

"Kwa miaka ishirini na miwili imekomaa miaka mia na themanini?"

"Serikali inaweza kuharakisha mambo ikipenda," Kidundo akasema, na kwa mara ya kwanza hakudanganya.

Bi Mwanamvua akatoa kachori mafutani, moja moja, akazipanga kwenye sinia. Alikuwa anamkumbuka kila aliyekuja Ijumaa ile. Anawakumbuka waliobeba kitanda, aliyepindua sufuria, na yule mwenye kovu shavuni aliyeinama mtaroni akaokota mnofu wa hitima akautafuna. Tindwa alimkumbuka zaidi ya wote, na zaidi ya uso wake alikumbuka tabia yake: mtu yule hajapata kuondoka mahali siku aliyosema ataondoka. Alikuja wilayani kwa mwaka mmoja akakaa saba. Alichukua nyumba kwa siku arobaini.

"Nitatoa ushahidi," akasema. "Wala sitaki kitu, hata senti. Ila nyumba ya kale ina mila zake. Mkitaka ukale, chukueni na mila. Ziandikwe, Waziri atie sahihi na muhuri kwamba zitafuatwa zote, bila kupunguza wala kuahirisha. Na mwenye nyumba atajwe."

Kidundo karibu ambusu. Mila. Wageni wa nje wanazipenda mila kuliko chakula. Akachomoa kalamu ya kwanza.

"Mgeni akifika," Bi Mwanamvua akaanza, "avue viatu, abishe hodi tatu, na asiingie mpaka mwenye nyumba amjibu."

"Safi sana. Endelea."

"Siku ya kwanza apewe wali na samaki na heshima zote. Siku ya pili apewe maziwa na samli."

"Maziwa na samli. Vizuri mno."

"Siku ya tatu apewe jembe."

Kalamu ikasita. Usifikiri Kidundo hakuijua methali. Aliijua, aliifanyia mtihani, akapata alama zote kwa kueleza maana yake ya ndani, maana ya nje, na matumizi yake katika jamii. Kitu ambacho hakikumpitia kichwani ni kwamba methali yaweza kumshika mtu mkono ikamkalisha chini. Kwa wakubwa wa Nyamazeni methali ni kama kanga: huandikwa maneno, huvaliwa na wengine.

"Jembe la mapambo?" akauliza.

"Jembe."

"Labda la fedha, dogo, kwenye kasha."

"La chuma, la mpini wa mti. Alime pale atakapoonyeshwa na mwenye nyumba, siku nzima, mpaka jua lichwe."

Kidundo akafikiri. Ziara ni ya siku mbili. Siku ya tatu haipo kwenye ratiba, na kisichokuwa kwenye ratiba hakipo duniani. Akaandika: Siku ya tatu, endapo itajitokeza, mgeni atashirikishwa katika udongo.

"Andika nilivyosema," Bi Mwanamvua akasema.

Akaandika alivyosema. Waziri akatia sahihi siku ileile bila kusoma, maana kusoma ni kazi na yeye alikuwa ameagizwa apumzike.

Saumu alizipata habari hizi kupitia mashuka, akaja Mtaa wa Mabati amevimba.

"Umewapa," akasema, amesimama mlangoni, kukaa hataki. "Miaka ishirini na miwili tunasema ile nyumba ni yako, leo umeenda kuwapigia muhuri wakalalie. Mama yako yuko chini ya vigae, wanamtandikia taulo juu ya kifua. Angalau wangekupa bahasha."

"Sijapokea bahasha."

"Ndiyo mbaya zaidi. Mwenye kuuza ana njaa, tunamwelewa. Wewe umegawa."

"Saumu."

"Usinisaumu mie."

"Mgeni wangu anakuja Jumatano. Ijumaa asubuhi uwe geti la nyuma, lile la mashuka. Uje na watu, na msije mikono mitupu."

Saumu akamtazama. Wamekua pamoja hawa, wamenyoana nywele, wamezikiana. Akamwona usoni kitu ambacho hakukiona tangu siku ya kinu. Akaondoka bila kuaga, lakini kaondoka kwa haraka ya mtu aliyepata kazi.

Jumatano, saa saba mchana, msafara uliingia Mwanakale. Magari ishirini na mawili hayakuenea vichochoroni, ikabidi Waziri aletwe kwa kiti cha kubebwa kilichotolewa jumba la makumbusho. Redio ya Taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja. Tindwa akateremka, mnene, mwenye afya ya mali ya umma, akavua viatu kwa mbwembwe mbele ya mlango wa nakshi. Jiwe la kizingiti, kwa jua la saa ile, lingeweza kukaanga yai.

"Hodi," akasema, akitabasamu kwa wapigapicha.

Ndani, Bi Mwanamvua alikuwa amekaa kwenye baraza ya ukumbi, chini ya boriti ambayo babu yake aliipandisha, kikombe cha kahawa mkononi. Hakuwa ameingia humo tangu siku ya kumi na moja. Akanywa funda moja.

"Hodi," Waziri akarudia. Mguu wa kulia ukapanda juu ya wa kushoto. Dakika zikapita. Mguu wa kushoto ukadai zamu yake. Mtangazaji wa redio, asiyejua aseme nini, akawaeleza wasikilizaji kwamba Mheshimiwa anacheza ngoma ya asili.

"Hodi, mwenye nyumba," Tindwa akasema mara ya tatu, na hakutabasamu. Nchi nzima ikamsikia.

Kahawa ikaisha. Bi Mwanamvua akatazama mashapo yaliyobaki chini ya kikombe, akakiweka.

"Karibu," akasema.

Ukumbini Waziri akahutubia, nyayo zake ndani ya beseni la maji ya waridi. "Wananchi wenzangu. Kale ni kale kwa sababu si sasa. Na sasa, ikitunzwa, itakuja kuwa kale. Miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa Mkuu wa Wilaya, jicho langu liliiona nyumba hii ya ukoo wa Bi Mwanamvua, nyumba ya miaka mia moja na themanini, nikasema moyoni mwangu: hazina hii lazima ihifadhiwe dhidi ya watu wanaokaa ndani yake. Leo mnaona matunda. Wale wanaosema tulinyang'anya, waje wajionee. Mwenye nyumba ndiye aliyetukaribisha."

Makofi. Kidundo akalia kidogo kwa furaha ya kikazi. Bi Mwanamvua hakupiga makofi. Alikuwa anayaokota maneno yale moja moja, kama anavyookota changarawe kwenye mchele, ila haya hakuyatupa.

Siku ya kwanza Waziri alikula wali na samaki, akatandikiwa kitanda uani, akalala juu ya vigae kwa chupi ya kuogelea yenye bendera ya taifa, kinywaji kimesimama juu ya kitovu. Bi Mwanamvua alimtazama kutoka dirishani. Alijua vigae vile kwa hesabu. Hatua sita kutoka ukuta wa kisima, mbili kushoto. Mguu wa kitanda cha Waziri ulikuwa umekanyaga kichwani kwa mama yake. Mikono yake ikamwasha. Akaishika nguzo ya dirisha mpaka ikapoa.

Siku ya pili alipewa maziwa na samli. Alasiri, akiwa ndani ya birika la kuogea lenye povu, Waziri alimwita Kidundo akamtangazia kwamba, kwa kuzingatia maslahi mapana ya taifa, mapumziko yameongezwa siku moja. Kidundo akasema sawa mheshimiwa. Baadaye, akifunga kalamu, akakumbuka. Akaenda kwa Bi Mwanamvua mbio.

"Mama, ile siku ya tatu imejitokeza."

"Nimesikia."

"Haiwezekani tukaiita siku ya pili, sehemu ya pili?"

"Una sahihi yake, una muhuri wake, na redio iko mlangoni. Wewe ndiye msomi, mwanangu, niambie inawezekana vipi."

Kidundo akakaa akafikiri kama msomi, na mwisho akapata jawabu la kisomi: viongozi wote hupanda miti. Waziri atapewa jembe, atachimba kishimo, mche utatiwa, picha itapigwa, dakika nne. Akaagiza mche.

Ijumaa, saa nne asubuhi, jembe lililetwa juu ya sinia, limefunikwa kitambaa cheupe. Lilipofunuliwa Waziri akacheka, akalipima mkononi, akasema yeye ni mtoto wa mkulima, jambo ambalo husemwa Nyamazeni na kila mtu ambaye hajalima. Mtangazaji akaja karibu na chombo chake. Bi Mwanamvua akatangulia uani, akapiga hatua sita, mbili kushoto, akasimama.

"Hapa."

"Juu ya vigae?" shemeji mwenye hoteli akauliza. "Hivi vimetoka ng'ambo."

"Mila ni mila, shemeji," Waziri akasema kwa sauti ya redioni, akapiga. Kigae kikapasuka. Watu wakashangilia. Akapiga cha pili, cha tatu, jasho likamjia, akaonja utamu wa kutazamwa akifanya kazi. Kidundo amesimama pembeni na mche wake kama mama mwenye mtoto kliniki. Mchanga ukatoka, mweusi, laini. Kisha chuma kikagonga jiwe.

"Inatosha," Kidundo akasema. "Tupande."

Bi Mwanamvua alikuwa amekwisha kupiga magoti. Akafagia kwa viganja, akapuliza, akafuta kwa ncha ya buibui. Herufi zikajitokeza, safi kama za jana.

"Tusomee, mheshimiwa," akasema. "Macho yangu yamezeeka, na nchi inasikiliza."

Tindwa akainama. Alikwisha kuanza kusoma kabla hajaelewa anachokisoma, kama alivyozoea kwenye hotuba zote za maisha yake. "Hapa amelala Mwanakombo binti Haji," akasoma, "aliyezaliwa, akaolewa, akazaa na akafa katika nyumba hii, nyumba ya mama yake na ya bibi yake." Ikafuata tarehe. Akaisoma na tarehe. Ilikuwa siku kumi na moja kabla ya ile ya tangazo lake.

Redio ya Taifa ikanyamaza, lakini haikuzimwa. Fundi mitambo, ambaye jina lake halitatajwa hapa kwa sababu ana watoto, alikuwa ameweka mikono mfukoni.

"Jiwe hili," Waziri akasema polepole, "ni la juzi."

"Ulipanda juu ya kiti chake," Bi Mwanamvua akamwambia. Hakupandisha sauti. "Nilikuomba siku ishirini na tisa tu nimsomee. Ukaniambia hesabu ni ileile. Nimekaa ng'ambo ya barabara naitunza hesabu yako. Umebisha hodi kwangu, ukanijua mwenye nyumba. Umekula wali wangu na samli yangu. Leo ni siku ya tatu na jua bado liko juu. Kushoto kwake yupo baba yangu. Nyuma yao bibi na ndugu zangu wawili. Lima, mgeni."

Na walioona wanaapa kwamba alilima. Mikono yake ililiinua jembe mara nne zaidi, kigae kikavunjika juu ya kaburi la Mzee Sudi, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Labda ni hofu, labda ni ile sahihi yake iliyomshika. Mara ya tano akalitupa. Akatoka mbio kwa mlango wa mbele, pekupeku, shemeji nyuma yake, Kidundo nyuma ya shemeji, mche nyuma ya Kidundo. Alipofika kwenye gari alikuwa ameshapata tena ulimi. Akatoa amri ya mwisho ya ziara: ua huo ni hatari, ufunikwe kwa zege leo hii, kwa usalama wa wageni.

Hapo ndipo Saumu alipoingia kwa geti la mashuka na watu wake wa Mtaa wa Mabati. Alivua viatu, akamwangalia shoga yake aliyekaa mchangani ameshika jiwe kwa mikono miwili, akafunga kanga kiunoni, akaokota jembe la Waziri.

Bi Mwanamvua ameanza kusoma. Anasoma polepole, kwa sauti ya chini, kwa sababu amelisubiri jambo hili na hataki kulipita mbio. Arobaini ina urefu wake. Anataka afike mwisho, na anataka makaburi yote matano yawe wazi, yaonekane, mtu asije akasema tena ni ya juzi.

Lori la zege limetoka karakana ya wilaya saa sita kamili. Barabara ya Mwanakale haijatengenezwa tangu Tindwa achukue fedha za kuitengeneza, na kwa hili tunamshukuru: lori litachukua saa tatu. Makaburi mawili bado yako chini ya vigae. Askari kumi na wawili wamepanga mstari mbele ya mlango wa nakshi, wanasubiri dereva afike, na askari husubiri vizuri zaidi wakiona watu ni wachache.

Wewe bado umekaa unasoma. Umefika mpaka hapa, umecheka pale kwenye birika la povu, na sasa unatafuta ukurasa wa kugeuza. Hakuna. Inuka. Pitia geti la nyuma, la mashuka, mwambie Saumu umetumwa na Bi Mwanakombo. Watu walio uani ni tisa na majembe ni kumi na moja. Mawili yameegemezwa ukutani, hayana mtu. Chukua moja, na uliyekaa naye apewe la pili. Saa nane inapiga. Twende.